Kaptula ya Saba Saba

Kwako binti yangu Veronika,

Marahaba. Najua hata kwenye karatasi ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimekujibu mapema tusipoteze nafasi. Mimi baba yako ni mzima, mama yako ni mzima, ng'ombe ni wazima isipokuwa yule wa pembe moja, ambaye uzima wake haujawahi kueleweka na mtu.

Ninaandika nikiwa ndani ya lori, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Jua bado halijazama. Ninyi mko nyuma ya nyumba mnanyonyoa kuku, na ninamsikia shangazi yako Elizabeti akiwaamrisha watu kama vile bado yuko wodini kwake Kiomboi. Mkiniuliza ninafanya nini humu nitasema natengeneza taa. Hili lori la chama cha ushirika lina wema huo, kila siku lina kitu cha kutengenezwa.

Kesho asubuhi basi litakuchukua hapa Ikungi na kukushusha Manyoni, na pale stesheni utakaa ukingoja treni ya Dar es Salaam mpaka usiku. Utakuwa na benchi, na muda, na hakuna mtu wa kukutania. Soma hapo. Usifungue kabla ya hapo, na nina sababu yangu, utaiona mwishoni.

Mambo ya kula, kulala, kufua na kuwajibu wakubwa kwa adabu mama yako atakuambia mpaka masikio yaume. Mimi nayaruka. Mtu aliyeendesha lori mpaka Mombasa, mpaka Ndola, mpaka Bukavu kwa Wakongo, aliyelala chini ya gari simba sita wakinusa matairi, hawezi kukaa chini akufundishe kukunja shuka. Hao simba walikuwa wawili. Nikiwa kwenye pombe huwa wanazaana, lakini hii ni barua.

Nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo wiki nzima, nimeshindwa. Juzi ulipotoka shambani nilikuita. Ukasimama, ukaweka jembe chini, ukasema, "Naam, baba." Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Hiyo miguu ukiifikisha Dar watadhani serikali imeleta nguzo za simu." Ulicheka, ukaenda zako. Mimi nikabaki nimesimama pale njiani kama mjinga. Mdomo wangu umezoea utani, mwanangu. Kalamu bado haijauzoea, maana mimi na kalamu tuliachana darasa la tatu.

Unakwenda kambi ya taifa ya riadha, na kutoka hapo, Mungu akijalia, ng'ambo. Kabla ya ng'ambo kuna chumba watakachokuingiza. Wanataka kuhakikisha kwamba wewe ni mwanamke. Na kama huko waliko wanakushuku wewe kabla hata hawajakuona, basi mzigo huo ni mimi niliyeupakia.

Unaikumbuka kaptula ya kaki. Hata mimi naikumbuka, na nimeisimulia mara nyingi kuliko sala zangu. Lakini sijawahi kukusimulia ilivyoanza, kwa sababu ilianza na mimi kuumia, na kuumia huwa sisimulii.

Ilikuwa mnadani hapa Ikungi. Tulikuwa tumekaa na wachinjaji, nyama iko juu ya moto, nami nawapigia hadithi za Ndola. Mchinjaji mmoja, yule mwenye jicho jekundu, akanikatiza. "Bwana Dunia," akasema, maana ndiyo jina walilonipa, "umezunguka nchi zote hizo, na kote huko hukuona mtoto wa kiume wa kuleta nyumbani?"

"Nyumba imejaa vibuyu," akadakia mwingine. "Mabinti watano! Ukifa wewe, hao ng'ombe tutagawana na wakwe zako."

Walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Halafu nikasema, "Dume ninalo. Nimelificha. Siku ya Saba Saba nitalitoa, na watoto wenu wataliona mgongo tu."

Sasa nilikuwa nimeshasema. Na dume sina. Nilikuwa na wewe, uliyekuwa unachunga ng'ombe kwa sababu hapakuwa na mvulana wa kuwachunga, umenyolewa kichwa kama wachungaji wote, na umekonda kama fimbo yako. Nikakununulia kaptula ya kaki kwa Mwarabu. Ilikuwa kubwa, tukaifunga kwa kamba ya katani. Nikawaambia waandikishaji jina lako ni Yohana. Ulikuwa unacheka. Ulidhani ni mchezo, na mimi pia.

Mbio zilianzia ofisi ya chama mpaka kwenye majabali makubwa na kurudi. Vijana walitoka kwa kelele, wewe ukiwa nyuma, na nikaona mchinjaji ananitazama na lile jicho lake. Mlipotokeza tena kutoka majabalini ulikuwa mbele peke yako. Mkono mmoja umeshikilia kaptula kiunoni isidondoke, na huo mwingine ndio unaokimbia nao. Veronika, nimeona meli za Wazungu Mombasa zikiingia bandarini na bendera zote. Sijaona kitu kikubwa kama mwanangu siku ile, anakuja ameshikilia kaptula.

Ukapewa jembe. Bwana mkubwa aliyetoka wilayani akakupiga bega akasema, "Kijana, taifa linahitaji miguu kama hii." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nyumbani mama yako hakucheka. Alilitazama lile jembe, akakutazama wewe, akaniambia, "Umemvalisha mtoto uongo. Siku ya kumvua usiniite." Nikamwambia anapenda kuharibu sherehe.

Ingeishia pale, ingekuwa utani wa siku moja. Lakini mimi ni dereva, na dereva hana anachouza njiani isipokuwa maneno. Ulipoanza kukimbia shuleni kwa jina lako na gauni lako, ukashinda wilaya, ukashinda mkoa, nilikuwa nimeshafungua mfuko. Manyoni niliisimulia. Itigi niliisimulia. Babati, Arusha, kila mahali nilipozima injini nikaomba chai, niliwaeleza jinsi Bwana Dunia alivyowavika wanaume wa Ikungi kanga kwa binti yake aliyevaa kaptula. Watu walipiga meza. Wengine walinipa chakula wasinidai. Niliamini nakujengea jina.

Mwaka jana, msimu wa nta na asali, nilikuwa Singida mjini kwenye hoteli moja ya chai. Meza ya pili alikaa bwana nisiyemjua, mtu wa Tabora kwa usemi wake, anawasimulia wenzake. "Kuna dereva huko Ikungi," akasema, "ana mtoto wa kiume. Mjanja yule! Alimkimbiza mara moja na kaptula, wakaona ni mwepesi lakini wapo wanaume wepesi zaidi. Basi akamvalisha gauni. Sasa hivi anawashinda wanawake nchi nzima."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa mazoea tu, kabla sijaelewa nacheka nini.

Nilipoelewa nilisimama. Nikasema, "Ndugu, huyo dereva ni mimi. Mtoto ni wa kike. Kaptula ndiyo ilikuwa utani, gauni ndilo la kweli."

Yule bwana akanitazama juu mpaka chini, akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Hata mwenyewe anaisimulia vizuri kuliko mimi!" Meza nzima ikapiga makofi. Mmoja akaniitishia chai.

Niliipakia ikiwa binti aliyevaa kama mvulana, ikanirudia ikiwa mvulana aliyevaa kama binti. Sijui ilipinduka kona ipi. Barabara nilizopita ni nyingi, na kila nilipoipeleka niliiacha pale ikaendelea na safari bila mimi.

Tangu siku ile nimeanza kuona vitu ambavyo wewe nadhani umeviona mapema zaidi na ukaninyamazia. Wale wanawake wa kisimani waliokuwa wakikuimba ukirudi na kikombe cha ushindi, sasa ukifika wananyamaza kwanza, ndipo wanakusalimu. Jioni ukizunguka uwanja wa shule watu wanakuja kutazama, lakini nimesimama nyuma yao, nikafuata macho yao yanaelekea wapi, na hayakuwa miguuni. Wale jamaa waliokuja kubisha hodi kwa ajili ya kijana wao hawakurudi, na wala hawakutuma mtu wa kusema kwa nini. Mama yako alisema labda mvua. Mvua ipi, mwanangu, ya mwezi ule?

Halafu kuna binti wa Mitundu. Jina lake sitaliandika. Yeye alikuwa wa kurusha mkuki, mwenye nguvu, alitangulia kambini kabla yako na ungekuta sifa zake pale kama angebaki. Alirudi ghafla. Baba yake, mfuga nyuki, alituambia sote kwamba ameumia goti.

Nilikwenda kwao kuchukua nta. Baba yake na vijana walikuwa wakipakia, nami nikaomba maji, nikaelekezwa ndani. Nilimkuta amekaa amegeukia ukuta, kanga kichwani. Alinyanyuka akaniletea maji. Alitembea vizuri, Veronika. Alikwenda mpaka kwenye mtungi, akachuchumaa, akainuka, akarudi. Mimi nimebeba majeruhi wengi kwenye lori, goti bovu nalijua. Lile goti halikuwa na kitu.

"Shikamoo," akasema. Nikaitika. Nikataka kumtania, nikanywa maji.

Akaniuliza, "Mwanao bado anakimbia?"

"Anakimbia," nikasema.

"Wakimwambia afungue mdomo, aulize kwanza wanatafuta nini. Mimi sikuuliza." Akachukua kikombe, akageukia ukuta tena.

Sikuelewa. Njia nzima kutoka Mitundu, kwenye vichaka vile ambavyo dereva akiharibikiwa anasikia moyo wake mwenyewe ukipiga, nilikuwa najiuliza, mdomo? Kwa nini mdomo? Ni shangazi yako aliyekuja kunieleza, lakini kabla yake walikuja wageni wawili.

Ulikuwa shambani kwenye zamu ya kijiji, hukuwaona. Alikuja Bwana Michezo wa mkoa, yule tunayemjua, na mwenzake kutoka Dar, kijana amevaa miwani myeusi na shati la mikono mirefu kwenye jua lile. Nikawatolea viti. Mama yako akaleta maziwa mgando. Yule wa Dar hakunywa.

"Mzee," akasema, "tumekuja kwa nia njema. Huko nje siku hizi wanapima. Kila mwanamke anayekimbia lazima apewe cheti kwamba ni mwanamke, bila cheti hakimbii. Na sisi ni taifa changa. Hatuwezi kwenda kuaibika mbele ya dunia."

"Kuaibika kwa nini?" nikauliza.

Bwana Michezo akatazama chini. Yule wa Dar akasema, "Kuna maneno. Yamefika mpaka ofisini. Tunataka tusikie kwako wewe mzazi. Huyu Veronika ni msichana?"

Mwanangu, hapo palikuwa pa kusema neno moja. Ndiyo. Mtoto mdogo angeweza kulisema. Na mimi, Bwana Dunia, nikasikia jino langu linacheka, nikamjibu, "Kijana, kama ni mvulana basi mahari ya kumwolea nitakudai wewe."

Bwana Michezo alicheka kidogo, kwa huruma nadhani. Yule mwingine hakucheka. Akamgeukia mwenzake akasema taratibu, kana kwamba mimi sipo, "Hakujibu."

Kisha wakaaga. Nilikimbilia gari lao, nikashika mlango, nikasema, "Ni msichana, bwana. Ni binti yangu. Msichana." Nililisema mara nyingi. Vumbi lao ndilo lililoitikia. Mpaka leo sina hakika kama alinisikia, na kama alinisikia sijui alidhani ninabembeleza nini.

Shangazi yako alipokuja kwa ajili ya safari yako nilimwita humu humu ndani ya lori nikamweleza yote. Akaniambia, "Kaka, hawatakuuliza wewe tena. Wataliuliza shavu lake."

Ndivyo inavyofanyika, kwa alivyoeleza. Wanachukua kijiti, wanakwangua ndani ya shavu, hakiumi. Ule ute wanaupaka kwenye kioo, wanautazama kwa darubini ya hospitali, wanatafuta alama moja ndogo sana ambayo kwa kawaida wanawake wanayo. Wakiiona, unapewa cheti, unakwenda zako.

"Na wasipoiona?" nikauliza.

"Wapo wanawake ambao hawana," akasema. "Amezaliwa msichana, amelelewa msichana, ni msichana, na alama ile hana. Mungu ana kazi zake. Ila kile kijiti hakiulizi amelelewaje."

"Wasipoiona, Elizabeti."

"Wanamfungia mlango. Wanamwambia kwa upole, nenda nyumbani, na kwa heshima yako sema umeumia."

Ndipo nikalielewa goti la Mitundu.

Sasa ninafika mahali ambapo baba na binti hawafiki. Nitapapita haraka na wewe usinitazame nikipita. Mama yako aliniambia wiki hii, gizani, akiwa amenigeuzia mgongo ili aweze kulisema, kwamba wenzako uliochunga nao sasa wana watoto mgongoni, na wewe bado hujawahi kuona siku zako hata mara moja. Amekuwa akingoja, na kukupikia mizizi, na kunyamaza. Nikamuuliza shangazi kama hilo lina maana yoyote. Akasema, "Linaweza lisiwe na maana. Wakimbiaji wengine huchelewa." Kisha akaongeza, "Na linaweza kuwa nayo."

Nilikumbuka jambo. Ulipowekwa ndani na wanawake wa ukoo kwa mafundisho yenu, sisi wanaume tulifukuzwa kule kama mbwa. Siku ya mwisho mama yangu, bibi yako, alitoka akiwa amepakwa maziwa usoni, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, nikamuuliza kwa utani, "Vipi, mmeridhika na mzigo wangu?" Wengine wote waliotoka siku ile walijibu kwa vigelegele. Yeye aliniangalia akasema, "Mwanao ni mwanao. Nenda kachunge." Nilidhani ananifukuza tu. Nimelala na maneno yale wiki hii, nimeyageuza kila upande. Kwa nini alijibu vile, mimi sikuuliza kitu kizito? Aliona nini? Au hakuona kitu, na ni mimi sasa ninayesikia nyayo kila mahali? Bibi yako tulishamzika. Hakuna wa kumuuliza.

Basi sijui, Veronika. Mtu aliyejua njia zote za nchi hii anakuandikia kwamba hii haijui. Inawezekana wakachukua kile kijiti, wakaiona alama yao, wakacheka na wewe, ukapanda ndege, na barua hii ikawa hadithi ya kuwasimulia wajukuu jinsi babu yao alivyokuwa mwoga. Naomba iwe hivyo. Inawezekana pia ukaingia chumbani ukiwa Veronika na ukatoka hujui uitwe nani. Na huko ndani hakutakuwa na mtu anayekujua, isipokuwa maneno yangu, ambayo yametangulia na yanakungoja yamekaa kwenye kiti.

Nimejaribu kuyarudisha. Wiki hii nimesimama kila nilipozima injini, Singida, Ikungi, Manyoni, nikawaambia watu ukweli pole pole, bila simba, bila kupiga meza. Walicheka. Manyoni mwenye hoteli alifuta machozi akasema, "Bwana Dunia, hii ya safari hii ndiyo kali kuliko zote." Nimewafundisha vizuri mno namna ya kunisikiliza.

Mama yako anataka usiende. Mimi nilitaka kuficha viatu vyako, nakuambia kweli. Lakini nimekuona asubuhi hizi ukitoka kabla ya ng'ombe, umande bado uko, unazunguka uwanja ule peke yako bila mtu wa kukushangilia wala kukushuku, na uso wako wakati ule nimeuona. Sina ruhusa ya kuufunga uso ule ndani ya nyumba kwa sababu ya woga wangu.

Ninachoweza ni hiki. Wakikuambia ufungue mdomo, uliza kwanza wanatafuta nini, na wakiikosa watafanya nini, na nani ataambiwa. Uliza kwa adabu na usiondoke kitini mpaka wajibu. Ukikataa, ni haki yako, hata kama watasema taifa. Taifa ni kubwa, litapata mkimbiaji mwingine. Mimi sitapata Veronika mwingine. Na ukikubali, likaja jibu baya, wasikupe goti. Usilipokee. Yule wa Mitundu alipewa uongo auvae ili wao wasione haya, na sasa amekaa nao ukutani. Mimi nilikuvalisha wa kwanza. Usikubali mtu akuvalishe wa pili.

Kuhusu wewe ni nani, hilo darasa langu la tatu linatosha. Ulipozaliwa mkunga alitoka akasema, "Baba, umepata binti." Sikuuliza amejuaje. Hakuna kitu ambacho mtu wa miwani myeusi anaweza kukiona kwenye kioo kitakachonifanya nirudi kwa yule mkunga kubadilisha.

Mchana, mlipokuwa mnawakimbiza kuku, niliingia ndani nikafungua mfuko wako. Nisamehe. Nilitaka kuona kama mama yako ameweka blanketi. Chini kabisa, imekunjwa ndani ya kitenge, nikaikuta kaptula ya kaki. Sikujua kwamba unayo. Sikujua kwamba ndiyo unayoivaa ukikimbia hizo asubuhi, nami nikiutazama uso wako tu. Nyasi za uwanja bado zimenasa kwenye pindo, umeipunguza kiuno, na nyuma umeishonea kiraka cha kanga ya marehemu bibi yako.

Nilitoka nayo. Moto wa kuchemshia maji ya kuku ulikuwa unawaka, hapakuwa na mtu. Nilifikiri, wakiiona hii kambini, nguo ya kiume kwenye mfuko wake, itakuwa ndiyo mwisho. Niliishika juu ya moto mpaka mkono ukaungua. Halafu nikaangalia ile mishono, midogo midogo, imefuatana vizuri, jinsi bibi yako alivyokufundisha. Nimeirudisha. Ila sikuiweka chini tena. Ukifungua mfuko utaikuta juu, juu ya gauni. Ukiamua kuitupa, itupe wewe. Kile nilichokufanyia kwa utani wewe ulikwenda ukakifanya chako, na mimi sikuwa nimeona.

Sasa ile sababu ya Manyoni. Treni ya Dar inakuja usiku. Lakini basi la kurudi huku linapita pale stesheni alasiri, kabla ya treni, na nauli yake iko kwenye pindo la kile kitenge cha kaptula. Ukishasoma haya, utakuwa na njia mbili mbele yako na hakuna mtu wa kukusukuma, mimi nikiwemo. Basi hilo linafika Ikungi giza likianza. Nitakuwa pale. Nitasimama mahali pa taa, unione. Ukishuka, sitauliza, na kesho yake mnadani wakiniuliza nitawaambia mwanangu amerudi kwa sababu ametaka kurudi, na goti lake ni zima. Usiposhuka, nitalitazama basi mpaka konda afunge mlango, nitajua uko njiani, na nitarudi nyumbani nimwambie mama yako.

Na siku nyingine yoyote baada ya hiyo, likifika basi la Manyoni na mimi niko Ikungi, nitakuwa pale pale.

Shangazi yako ananiita. Anasema taa gani hiyo isiyotengenezeka, chakula kinapoa na mwenye safari hajala. Ninakuja. Tutakula pamoja leo, na nitakutania kuliko siku zote, juu ya miguu yako na juu ya treni na juu ya Wazungu watakaokuona mgongo. Utacheka. Ukifika hapa kwenye barua utakumbuka nilivyokuwa napiga kelele, na utajua nilikuwa naogopa.

Ni mimi baba yako,
Bwana Dunia, ambaye dunia yenyewe amegundua haijui.